Jiko Alilopasua Fundi Projesti

Koku mwanangu,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliiitikia kwa mdomo tu, mawazo yangu yalikuwa kwingine, na najua uliona. Sasa umekwenda Kayanga kumuaga shangazi yako Anitha, baba yako yuko kwenye kahawa, na mimi nimekaa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Kesho saa hizi utakuwa njiani kwenda Tabora. Barua hii nitakupa mkononi stendi. Usiifungue mbele yangu, tafadhali.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani na ya kutowasikiliza wanaume wanaokuita dada pale stendi, bibi yako ameshayasema yote na kuyarudia. Sina la kuongeza. Una miaka ishirini na minne, na kama mpaka leo hujui kufunga begi lako basi mimi nilishashindwa kazi ya umama siku nyingi. Ninalotaka kukuambia ni jambo moja nililolifanya, ambalo wewe unalijua kwa namna isiyo ya kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyekusimulia.

Siku ile ulipopata barua ya kazi uliisoma kwa sauti hapa hapa mezani. Msimamizi msaidizi wa mafundi, ujenzi wa madarasa. Baba yako alikuomba uisome tena. Halafu ukacheka, ukasema, "Mafundi wa ovyo watanikoma. Atakayeharibu kitu naandika jina lake, anaondoka. Sitaki wa aina ya yule aliyemuunguza mama mkono." Wote wakacheka na wewe. Mimi niliinuka nikaenda jikoni, kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Aliyeniunguza mkono ni mimi mwenyewe, Koku.

Wewe ulikuwa chuoni Mwanza wakati huo, mwaka wako wa kwanza, kwa hiyo nikueleze tangu mwanzo. Unalikumbuka jiko letu la matofali, lile la sehemu mbili za sufuria na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Lilijengwa na Fundi Projesti wa Rugera, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwa nalo hapa kijijini kwetu Igurwa. Nilijisifu nalo mpaka watu wakachoka. Mwanamke yeyote aliyekuja kuomba chumvi nilimpitisha jikoni kwanza aone jinsi macho yangu yasivyotoa machozi. Wenzangu wa kikundi chetu cha akina mama wakajengewa na wao, mmoja baada ya mwingine, na yule yule fundi. Kwa kuwa mimi nilikuwa katibu, neno langu ndilo lililompa kazi.

Baada ya miaka miwili moshi ulianza kurudi ndani. Nikamwita aje asafishe bomba na kukarabati ndani ya jiko. Alikuja na baiskeli yake, nyundo na mfuko wa udongo. Yule mtu alikuwa na tabia ya kuuonja udongo kwa ulimi kabla ya kuukanda, na ukimkwaruza meno anaumwaga. Sisi tulimcheka kwa hilo, lakini majiko yake hayakuwa na nyufa.

Nilimwacha jikoni, nikaenda kibanjani kukata majani ya mgomba. Nikiwa huko nikamsikia ananiita. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama wima na masizi usoni, nyundo ameiweka chini.

"Mama Koku, njoo uone. Jiko nimelipasua mimi."

Bomba lilikuwa limeshika kutu, likakataa kutoka, akaligonga kwa nguvu, na sehemu yote ya juu inayolishikilia ikapasuka mpaka kwenye shimo la sufuria. Nilimsema. Unajua ninavyosema nikianza. Nilimwambia kwamba nimemwita kutengeneza na yeye amekuja kubomoa, kwamba hata ng'ombe akiingia jikoni angefanya kazi ya uangalifu zaidi. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akaeleza kosa lake, kwamba alitakiwa kulainisha ile kutu kwanza kwa mafuta na kungoja, naye alikuwa na haraka. Akasema ataijenga upya sehemu ile yote, na kazi hiyo ni yake, si yangu.

Nataka usimame hapo kidogo. Angeweza kupaka udongo mwembamba juu ya ule ufa, akapitisha majivu, akaondoka. Nilikuwa mbali, kwenye migomba. Ningekuja kuuona baada ya miezi, na ningesema jiko limezeeka.

Alifanya kazi siku mbili. Alichimba udongo wa kichuguu, akachanganya na majivu na nyasi zilizokatwa fupi fupi, akaulaza chini ya majani kabla ya kuujenga. Alipomaliza alichukua jani bichi la mgomba, akaziba nalo mdomo wa jiko na kulifunga kwa kamba ya mgomba, kama alivyozoea kufanya katika kila nyumba, ili mtu asije akawasha kwa kusahau. Akaniambia ni wakati wa mvua, udongo unakauka polepole, kwa hiyo jiko likae siku kumi bila moto, na moto wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti. Nikasema sawa. Akanirudisha nyuma na kunitaka niitaje mwenyewe ile hesabu ya siku, nami nikaitaja huku nimeudhika, kama mtoto wa shule.

Siku zile tulipikia jiko dogo la mkaa, likatutosha. Siku ya tano bibi yako akaleta habari kwamba wageni wa posa ya Anitha wanakuja kesho yake, na watakuwa wengi. Nikasema tutapika uani, tuwashe moto mkubwa pale nje. Bibi yako akanitazama kama nimetukana.

"Wageni wa posa hawapikiwi uani. Uani tunapikia matanga."

Nikasema basi nikapikie kwa jirani. Akauliza, chakula cha posa kikibebwa kutoka nyumba nyingine, hao wageni si watasema binti hana kwao? Ndivyo ilivyo katika ukoo wa baba yako, nami niliyakuta.

Lakini nisimsingizie bibi yako, maana nimeshasingizia wa kutosha. Yeye hakujua kwamba jiko ni bichi. Alijua limefanyiwa usafi, basi. Ningemwambia, angenung'unika, na tungepata njia. Sikumwambia, kwa sababu hao wageni walikuwa wameshasikia habari za jiko langu na nilitaka walione linawaka. Sababu ni hiyo tu. Nimeitafuta nyingine iliyo nzuri zaidi kwa miaka minne, sijaipata.

Siku ya sita asubuhi nililifungua lile jani nikalitupa kibanjani. Nikapakia kuni za mkaratusi na kuweka sufuria kubwa la ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Baada ya muda nikaliona jiko linatoka jasho. Niliona, Koku. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye udongo mpya na mvuke unatoka, nami nikachochea kuni, nikidhani moto ukizidi litakauka upesi. Halafu upande wote ukakaa chini. Sufuria likainama, nikalidaka kwa mkono wa kushoto, na uji wa moto wa ndizi ukanimwagikia kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Chakula chote kikaenda kwenye majivu.

Bibi yako alitokea mlangoni, nyuma yake shangazi yako, na nyuma yao mwanamke mmoja wa wale wageni. Bibi yako akauliza kuna nini.

Nikasema, "Fundi ameniharibia jiko."

Neno hilo lilikuwa la kweli. Fundi alikuwa ameliharibu jiko, alisema mwenyewe. Ndiyo maana lilinitoka kirahisi vile, bila hata kigugumizi. Mwanangu, mimi nimewahi kusema uongo mdogo mdogo, wa kumficha mtu au wa kuepuka ugomvi, na kila mara ulinikwama kooni kidogo. Huu haukunikwama hata kidogo, kwa sababu niliutengeneza kwa kipande cha ukweli.

Wageni walikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakala ndizi mbivu na karanga, wakacheka, na posa ikapita salama. Shangazi yako ameolewa na ana watoto wawili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizia chakula changu.

Ila maneno yangu hayakuishia jikoni. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji, na kila aliyeuliza nilimjibu vile vile. Wanawake ambao majiko yao yalikuwa yanasubiri usafi wakamwambia asije. Wiki chache baadaye kikundi kikamwita kwenye kikao. Mwenyekiti akaniambia mimi nimuulize, kwa kuwa ni jiko langu. Nilikuwa nimekaa na daftari la mihutasari, mkono wa kushoto kwenye kanga.

Nikamuuliza, "Fundi, jiko langu nani alilipasua?"

Akasema, "Mimi."

Kisha akanitazama. Alikuwa hajui kilichotokea siku ya posa, wala siku yenyewe ilikuwa lini. Alijua tu kwamba alilipasua, akalijenga, akaweka siku kumi, na sasa limeanguka na mimi nimeungua. Alikuwa anangoja niseme lililobaki. Nikainamisha kichwa nikaandika, "Fundi amekiri." Maneno hayo mawili yako kwenye daftari la kikundi kwa mwandiko wangu mzuri. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu akishakiri, nani anataka kujua mengine?

Hakupata tena kazi Igurwa, na baadaye hata Rugera kwao. Nikasikia amehamia Mabira, Kyerwa, kwa wakwe zake, analima. Nilipoambiwa hivyo nilisema, "Afadhali." Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Tukamleta fundi mwingine, mtu wa maneno mengi na suruali safi. Huyo hakuwahi kupasua jiko la mtu. Katika nyumba zote alizopita hakukuwa na malalamiko, mpaka mwaka jana majiko yalipoanza kuvujisha moshi na tukakwangua viraka vya simenti alivyovipaka juu. Chini ya kila kiraka kulikuwa na ufa wa zamani. Alikuwa anavunja na kufunika. Wenzangu wakamlaani. Mimi sikumlaani, kwa sababu nilielewa kilichotokea. Tulimfukuza yule aliyekuja kutuambia, mafundi wengine wote wakasikia habari hizo, na yeyote mwenye akili alijua nyumba zetu zinataka nini.

Na hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo. Unaikumbuka ile chupa ya chai ya maua mekundu? Ulikuwa darasa la tatu. Uliivunja, ukaja mwenyewe kibanjani kuniambia, umeshika mfuniko, nami nikakuchapa pale pale. Mwaka uliofuata bakuli la udongo la bibi yako lilipotea. Tulilitafuta na wewe ukatafuta pamoja nasi, tena kwa bidii. Nilikuja kuvikuta vipande vyake nikipalilia, umevifukia kwenye shina la mgomba. Nilikaa pale chini nikavitazama, na sikukuambia kwamba nimeviona. Nilipaswa kujua tangu siku ile mimi ni mtu wa namna gani. Nilivifukia tena.

Huko uendako watakuwepo mafundi wazembe kweli, wanaoiba nondo na kuzidisha mchanga. Hao waandike, sina neno. Sikuombi uwe laini. Lakini itakuja siku mtu atasimama mbele yako na kukuambia, "Nimevunja mimi," na kalamu utakuwa nayo wewe. Utakuwa umechoka, mkubwa wako atakuwa anataka jina moja la kupeleka mbele, na jina lake litakuwa limeshajileta lenyewe. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa kwa ajili yako, maana mkono unaoshika hiyo kalamu nimeulea mimi.

Alhamisi iliyopita niliwaambia kikundi. Nilisimama nikasema niliwasha jiko kabla ya siku zake, nikijua, na fundi hakuwa na hatia ya mkono wangu. Hawakunipigia makofi. Wengine waliuliza kwa nini nafukua mambo ya zamani. Mwenyekiti aliomba daftari na muhuri, nikampa. Kama uliona mama zako wa kikundi hawakuja jana kukuaga, usiwachukie. Wanatafuta pa kuniweka.

Jumamosi nilikuambia nakwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda Mabira. Bodaboda alinishusha kwenye njia ya miguu, nikaulizia nyumba mpaka nikafika. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno. Nilifikiri nampelekea zawadi. Nilifikiri nitamwambia kikundi kimeshajua, jina lake limesafishwa, arudi Igurwa akajenge majiko, na yeye atafurahi, nami nitarudi nyumbani mwepesi.

Nilimkuta anapalilia maharage. Ameota mvi. Akaweka jembe chini, akanipa shikamoo kwa heshima ile ile, akauliza hali yako na ya baba yako, akaniambia nipite. Mkewe alikuwa anapika. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, moshi unatoka, na ndani nikaona mawe matatu na chungu juu yake. Fundi aliyewaondolea moshi wanawake wa kata nzima, mke wake anakohoa kwenye mafiga. Nikashindwa kuketi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na yale maneno niliyoyapanga sikuyakumbuka hata moja.

Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile ya kwanza. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari. Akauliza taratibu, "Uliwasha siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Moto mdogo?"

"Mkubwa. Wa mkaratusi, na sufuria la wageni."

Akaketi chini, pale pale kwenye udongo. Nikamwambia kwamba kikundi kinajua sasa, kwamba jina lake ni safi. Akatikisa kichwa, kama mtu anayefukuza nzi. Jina halikuwa ndilo lililokuwa likimsumbua.

"Mimi nilidhani ni mikono yangu, Mama Koku. Siku kumi zimepita, jiko limeanguka, mtu ameungua. Nilisema basi, udongo siujui tena, nitakuja kumuua mtoto wa mtu. Sijajenga tangu siku hiyo. Hata hapa kwangu niliogopa."

Miaka minne. Nilikuwa nadhani nimemchukulia kazi na sifa, vitu ambavyo mtu anaweza kurudishiwa kwenye kikao. Sikujua kama nilimfanya ajiogope mwenyewe. Nililia, na hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Kisha akageuka akaita kuelekea jikoni, "Mama Jeni, njoo hapa umsikie huyu mama." Mkewe akatoka anafuta mikono kwenye kanga, macho mekundu kwa moshi. Akanisalimu, maana hakuwa anajua mimi ni nani. Projesti akaniambia, "Rudia. Mwambie ni siku ya ngapi."

Nikarudia. Nikamwambia jina langu, na siku, na moto.

Yule mwanamke hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mumewe pale chini alipoketi, akamwambia, "Nilikuambia si mikono yako."

Nenda salama, mwanangu. Mambo haya niliyafanya mimi, mtu yule yule unayemwita mama.

Mama yako,
Igurwa